Kikundi cha Wanne

"Washa kamera, dada Sindano!" mwalimu wa chekechea alisema kutoka kwenye simu. "Asiyeonyesha uso hahesabiwi, na usipohesabiwa leo, cheti utakisikia kwa wenzio."

Fundi cherehani, Sindano likiwa jina lake la mtandaoni tu, alitoa pini mdomoni. "Nimalizie pindo la sketi. Wengine waanze."

Kozi ilikuwa ya kupatana na watu unaoishi nao. Mumewe ndiye aliyemwandikisha: "Ya bure, mke wangu, na simu haing'ati." Wanafunzi walikuwa maelfu, kila wiki kompyuta iliwachanganya kama karata, ikawagawa wannewanne, waonane kwa video na kuzungumza. Leo alipangwa na wanafunzi wenzake: mwalimu huyo, na dereva wa lori aliyeegesha kando ya barabara. Mraba wa nne ukafunguka, ukaonyesha dari na taa tu.

"Karibu," dereva akatania. "Au tunaongea na taa?"

Simu ikainuliwa. Kikatokea kidevu, kisha miwani.

Mguu wa fundi ukaganda kwenye kanyagio. Mama mkwe!

"Mnanisikia?" Sauti ilikuja mara mbili: kwenye simu, na kupitia ukuta wa chumba cha pili. "Mwanangu kaniandikisha. Kasema simu haing'ati."

Lo, mume huyo! Akirudi leo atajieleza vizuri.

Mama mkwe akashusha sauti. "Niongee polepole, mke wa mwanangu yupo hapo pembeni anashona. Sina ugomvi naye. Ila nikiingia jikoni, anaacha kuimba. Nikitoka, anaanza tena. Mtu anajua pale asipotakiwa, wanangu. Kesho nahamia kwa mdogo wangu. Nguo nimeshafunga. Hawajui."

Dereva, na utani wote ule, akavua kofia.

Fundi akaiacha sketi. Alikuwa ananyamaza kwa adabu! Nani anampayukia mama mkwe usoni?

"Pole, mama," mwalimu akasema. "Haya, dada Sindano. Kamera."

Angeweza kukata, asingizie mtandao; nani hausingizii? Cheti kingepotea, na aibu ya mama ingebaki imefunikwa, hadi kesho, mabegi yakiwa mlangoni. Kidole kikaenda kwenye alama ya kamera. Akabonyeza.

"Shikamoo, mama."

Ng'ambo ya ukuta, kiti kililia. Kwenye simu, mama mkwe akasogeza uso, akasogeza tena, hadi kioo kizima kikajaa jicho moja, limetoka pima, halipepesi.