Utando wa Taya la Jentrix

Mwaka wa 1971 shavu la kushoto la Jentrix lilianza kuvimba. Alikuwa na miaka tisa. Mama yake Beldina, muuza mboga wa mtaa wa Obunga, alimkanda kwa maji ya chumvi. Baba yake Laban alikuwa fundi wa reli. Wote wawili walikuwa wakimfikiria mtoto wa jirani yao Seline. Taya la mtoto huyo lilivimba vivyo hivyo, na kabla ya mvua kwisha wakamzika kijijini kwao Usenge.

Hatimaye walimpeleka Jentrix hospitalini. Daktari Mathenge alimpasua, kisha akawaita wazazi.

"Kilikuwa kifuko cha maji, kimezunguka jino ambalo halijaota. Nimekitoa chote. Lakini utando wake wa ndani una sehemu nene. Nimeutuma Nairobi ukapimwe kwa hadubini."

"Ni ule ugonjwa wa mtoto wa Seline?" Beldina aliuliza.

"Sidhani, Mama. Lakini tungoje."

Kungoja kulimchosha Beldina. Aligombana na Laban kwa sababu ya chumvi, ya mlango, ya chochote. Akienda sokoni alizunguka nyuma ya nyumba asipite kwa Seline.

Jioni moja Seline akaja mwenyewe na uji wa Jentrix. "Nyar gi Mama, dada yangu, mbona unanikimbia?"

"Naogopa kukukumbusha."

"Kwani nimesahau? Siku ya majibu tutaenda pamoja."

Wakaenda na Jentrix, wakamwacha nje. Laban alikuwa kazini. Daktari aliwakaribisha, akaanza: "Wameona seli za utando zimebadilika..."

Beldina aliteleza kutoka kwenye kiti, akakaa sakafuni.

"Mama, ngoja nimalize! Kuna seli zimegeuka zikawa za kutoa ute, kama zile za ndani ya pua. Hutokea kwenye vifuko vya namna hii. Si kansa. Si ule ugonjwa."

"Rudia, daktari," Seline akasema.

"Si kansa. Mtoto amepona. Mtamleta tu tuangalie mfupa unavyojaza pengo la kifuko."

Seline ndiye aliyelia kwanza, kwa sauti, huku akimwinua Beldina kwa mikono yote miwili. Beldina akamkumbatia, wakasimama hivyo hadi muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Nje, Jentrix alikuwa ameketi kwenye ngazi akipapasa shavu lake.

"Mama, sasa naweza kutafuna mahindi?"

"Tafuna upande wa kulia," Beldina akamwambia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu shavu livimbe. "Kwanza twende stesheni, baba yako asikie."