Farasi Ishirini za Kupandia

Kupanda futi mia tisa kwa dakika. Namba hiyo niliiandika mwenyewe kwenye daftari la majaribio na kuipigia mstari, kwa sababu nilikuwa najivuna. Kazi yangu ni kunyunyizia pamba dawa kwa ndege ya nguvu za farasi mia sita. Kindege cha Merv Haddrick, cha farasi themanini, nilikiona mchezo.

Merv alikijenga kwa miaka kumi na moja katika banda la shamba lake, nje ya mji wa Narrabri. Goti lake lilipopasuliwa, akaniomba nikirushe saa zote za majaribio. Goti likapona, namba zikawa tayari. Jumamosi angempeleka mkewe, Glenys, kwa dada yake, mjini Yamba. Alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo atapandia ndege getini kwake mwenyewe, na Glenys aliingoja siku hiyo miaka yote kumi na moja.

Alhamisi jioni nilikula kwao. Glenys alikuwa akipima sanduku lake.

"Kilo tisa," akasema. "Na mimi sabini na nne. Usinikodolee macho, Tully, mapaja haya nimeyalipia."

"Mimi tisini na sita," Merv akasema. "Na tangi lijae."

Nikaacha kutafuna. Mimi nina kilo hamsini na nane, na siku zote nilirusha peke yangu, tangi nusu.

"Merv," nikasema, "ile namba ni ya mtu mmoja mwembamba."

Akaendelea kupaka siagi mkate wake. "Basi kakirushe upya. Mifuko ya ngano iko bandani."

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi joto lilikuwa limeshafika nyuzi ishirini na tisa. Nilifunga mifuko kwenye kiti cha pili na nyuma yake hadi uzito, pamoja na wangu, ukalingana na wao wawili, sanduku na petroli yote. Nikafungua injini hadi mwisho. Kindege kilikimbia kwenye uwanja mfupi wa shamba, kikakimbia, kikainuka kwa shingo upande. Mikalitusi ya barabarani ikanijia. Si ya Merv, ni ya serikali, haikatwi. Niliipita karibu kiasi cha kuona kiota cha ndege na vijiti vyake. Huko juu nikapima kupanda kwake kwa saa ya mkononi mara tatu: futi mia nne na thelathini kwa dakika, mia nne na kumi, mia nne na arobaini. Nikatua.

Merv alikuwa ameegemea uzio.

"Injini mbovu?"

"Injini nzima kabisa. Lakini hupandi kwa farasi themanini. Ishirini zinapotelea kwenye pangaboi. Arobaini zinakushikilia tu usianguke. Zinabaki ishirini, hizo ndizo za kupandia. Ukiongeza mzigo, unakula hizo hizo."

"Ulipita, lakini."

"Nilipita. Upepo ukigeuka kidogo, sipiti."

"Wewe ndiye uliyeniambia mia tisa!"

"Ndiyo. Niliringa, nikakudanganya. Nitukane."

 Merv aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasugua goti. "Nimechoka, kijana. Kuweka injini kubwa ni miaka mingine miwili."

Glenys alikuwa amefika na chai, na alikuwa amesikia yote. "Farasi arobaini za kutoanguka," akasema. "Mbona hayo ndiyo maisha yangu! Merv, uwanja wa ndege wa mjini una urefu gani?"

"Mara tatu ya huu."

"Basi wewe ruka kutoka hapa peke yako, na petroli kidogo. Mimi nakuja kwa gari, tujaze tangi kule, nipande."

"Nilikuahidi getini, mpenzi."

"Uliniahidi Yamba. Geti nimelifungua kila siku, sina hamu nalo."

Jumamosi nilikuwa ndani ya gari pamoja na Glenys, sanduku mapajani. Dakika arobaini za vumbi. Alitazama barabara tu. Merv alikuwa ametangulia. Tulimkuta uwanjani akifuta kioo cha kindege kilichokuwa safi tayari. Tukajaza tangi. Glenys akaingia, akafunga mkanda, akanirushia funguo za gari.

"Wape kuku maji. Na usipige mdomo huko baa."

Waliruka wakiwa na uwanja mrefu bado mbele yao. Walipanda taratibu, kama watu wenye umri wao wanavyopanda ngazi, bila kusimama. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Kisha nikarudi shambani, nikawapa kuku maji, nikalala sebuleni kwao na viatu miguuni.