Mlango Ukifungwa

Mara tatu fundi wa mtandao alikuja kwenye lile banda la uani, akainua simu juu, akatangaza, "Dada, imekubali!" Na mara zote tatu hakuwahi kufika hata barabarani kabla mtandao haujakata. Mkalimani alitamani kulia kwa hasira.

Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, aliyojifunza utotoni kwa mdogo wake asiyesikia. Sasa hospitali ilitafuta mtu wa kukalimani kwa video kati ya madaktari na wagonjwa wasiosikia. Majaribio yalikuwa Ijumaa saa nne asubuhi, na sharti lilikuwa moja: akae chumba chenye mlango uliofungwa, maana siri ya mgonjwa si ya kila mpita njia. Nyumbani kwao, watoto wakiwa kila kona na mama mkwe anatazama televisheni kwa sauti ya mkutano wa hadhara, chumba hicho kingetoka wapi? Akafagia banda, lililokuwa mabati juu mpaka chini, akatundika kitambaa cha buluu nyuma ya kiti. Lakini kila akifunga mlango, picha inaganda. Na mikono ikiganda hewani, dawa ya mara moja mgonjwa atajuaje kama si ya mara tatu? Hapo umeua mtu.

Alhamisi asubuhi akapiga simu kampuni. Ilikuwa kampuni ya watu watatu, na siku hiyo simu aliipokea bosi mwenyewe.

"Mama, huduma yetu inaishia nyumba kubwa," alisema bosi. "Banda, stoo, choo cha nje, hayo ni yako na Mungu wako. Halafu fundi kapima mara tatu, inakubali. Labda simu yako ndiyo mbovu."

"Simu yangu mbovu? Basi njoo na yako!"

Akaja kweli, fundi akimfuata nyuma, nia yake kumfunga Mkalimani mdomo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Alijitoma bandani, akainua simu yake kubwa, akacheka. "Ona! Imejaa!"

Fundi alikuwa mlangoni na ngazi yake, nusu ndani nusu nje. Mkalimani akaitazama ile ngazi. Loo! Kumbe kila fundi alipopima, ngazi ilikuwa imeuzuia mlango usifungike. Siku zote tatu!

"Fundi, toa hiyo ngazi, uingie ndani," akasema. Kisha akauvuta mlango akiwa humo humo, akaita, "Mama! Tia komeo!"

Mama mkwe, aliyekuwa uani akisikiliza, hakuwa mtu wa kutumwa ovyo, ila ugomvi wa wengine aliupenda. Komeo likalia ka!

"Haya bosi, piga sasa."

Bosi akapiga. Kimya. Akainua simu, akachuchumaa, akapanda juu ya kiti. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Jasho likaanza kumtiririka, maana jua lilikuwa limeshawaka juu ya mabati.

"Mama, tufungulie!" akapaza sauti.

"Mtandao umefika?" aliuliza mama mkwe kutoka nje.

"Bado!"

"Basi na mimi bado."

Fundi akakaa juu ya sanduku la vifaa, uso chini. "Bosi, kosa ni langu. Nimekuwa nikipima mlango uko wazi. Haya mabati hayapitishi kitu. Dawa yake ni waya upite chini ya ardhi kutoka nyumbani, na kifaa cha kurusha mtandao kikae humu ndani."

"Sisi hatuchimbi mitaro!"

"Bosi, nisikilize," alisema Mkalimani. "Sikutaka mtandao niangalie muziki. Kesho kuna mtu atakaa mbele ya daktari, hasikii, hana wa kumsemea ila mimi. Nikiganda, anabaki peke yake."

Bosi akashuka kitini. Akajifuta shingo.

"Ni hatua ngapi mpaka nyumbani?"

"Thelathini na moja. Nimezihesabu."

"Mama," akaita bosi, "fungua tuchimbe."

Mlango ulipofunguka, mama mkwe alikuwa tayari na jembe mkononi. Bosi akakunja mikono ya shati. Mpaka jioni waya ulikuwa umelala chini ndani ya bomba la plastiki, na kifaa kinawaka bandani. Safari hii walipima mlango umefungwa, komeo limetiwa, na fundi akaachwa humo nusu saa nzima azungumze kwa video, mpaka akaomba maji.

Ijumaa saa nne, mgonjwa alitokea kwenye kioo: mwanamke mjamzito. Miezi yote alikuwa akipewa karatasi na kuitikia kwa kichwa tu. Daktari akasema maneno machache, na mikono ya Mkalimani ikayapeleka: ni mapacha, na wote wawili wazima.

Mwanamke akamwomba arudie. Akarudia, polepole. Yule mama akacheka huku machozi yanamtoka, akainua mikono yote miwili akaipunga hewani, ndivyo wasiosikia wapigavyo makofi. Hakuna kidole kilichoganda. Mkalimani naye alikuwa analia, furaha imemjaa, na hakujali nani anamwona.

Msimamizi wa majaribio, aliyekuwa akifuatilia kutoka hospitali, akakohoa kidogo. "Unaweza kuanza lini?"

"Nimeshaanza," akasema Mkalimani, na mgonjwa wa pili akaingia.