Betri ya Mwalimu Germain

Hortense alilegeza skrubu za chini za kompyuta ya mwalimu Germain, akainua kifuniko, akakuta betri imevimba hadi imeisukuma kibodi.

"Imevimba sana, Prof. Tuitoshe. Ya mupya iko."

Germain alikaa kwenye benchi la karakana hiyo ya mtaa wa Panda, kando ya préfet, mkuu wake wa shule, Bwana Magloire, aliyekuwa akisubiri simu yake. Hortense alichomoa waya wa betri, akapenyeza kadi ya plastiki chini yake kubandua gundi pole pole, maana bisibisi ingeitoboa. Gundi ilipoachia, Banza, mdogo wake Germain, alitoka mle ndani, akajikung'uta udongo mwekundu, akaomba maji.

Hortense alimpa kikombe, kisha akamwomba asogee kidogo, anamzibia mwanga.

Banza alifukiwa shimoni akichimba kobalti iliyomlipia Germain masomo. Mwili haukupatikana. Kwenye matanga walizika shati mahali pake, na kwa kuwa Banza hakuwa na shati la maana, walizika la Germain, jeupe, lenye nembo ya shule ile ile anayofundisha sasa. Ndilo Banza alilotoka amevaa.

Kazini Germain alijitambulisha kuwa mtoto wa pekee wa mhandisi. Uongo huo aliuzoea kama viatu vyake.

Bwana Magloire aliitazama nembo. "Huyu alisomaka kwetu? Prof, unamuyua?"

Germain alimwonea haya ndugu yake, halafu akajionea haya mwenyewe, zaidi. Mtu mzima na diploma zake!

"Simuyue, Monsieur le Préfet."

Banza alimtazama kaka yake. Akaifunika nembo kwa kiganja.

"Ni kweli, Papa. Hatuyuane. Hii shati niliokotaka tu ku njia."

Hortense alibandika betri mpya, akakaza skrubu. Ile kuukuu aliiweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Banza aliifuata, akaketi kando ya ndoo.

Nyumbani mama yao aliuliza kama kompyuta imepona.

"Imepona, Mama," alisema Germain, akaishia hapo.

Betri mpya inadumu kutwa nzima. Njia ya kwenda shule inapita mbele ya karakana, na kila asubuhi Banza akimwona kaka yake anakuja na walimu wenzake, huifunika nembo na kumwamkia kama mtu baki.

"Bonjour, Prof."

"Bonjour," hujibu Germain, akitazama chini.