Mahindi ya Chini ya Kitanda

Mwanangu Hafsa alirudi likizo kutoka shuleni Korogwe akiwa na swali. Hapa Mazingara tunatundika mahindi ya mbegu darini, juu ya mafiga, na wadudu waitwao dumuzi hawayatoboi. Kwa nini? Mama mkwe wangu, Bibi Mwanaidi, alimjibu kwamba dari lile alilijenga mumewe, mzee Sabiri, na mkono wake una baraka. Hafsa akasema huenda ni moshi. Mwalimu wake wa baiolojia aliwaambia kwamba wazo lisilojaribiwa ni maneno tu.

Mimi nilikuwa na kuni za kutafuta, sikuwa na nafasi ya mawazo. Mzee ndiye aliyemwelewa. Alimpa mahindi machache ayaweke kwenye kikapu chini ya kitanda, mbali na moshi, waone yatakuwaje. Bibi hakuambiwa, maana angekataa. Mbegu ile mzee alikuwa akiichagua mwenyewe tangu ujana wake, na haiuzwi dukani.

Hafsa alirudi shuleni, na haukupita muda mzee akafariki. Wanawake walipika uwanjani kwa masufuria makubwa, na hata wageni walipoondoka tuliendelea kupika huko huko, kwa kuwa kuni za msiba zilikuwa bado zimebaki. Jiko la ndani likapoa.

Bibi akakaa ndani na eda yake. Siku moja akifagia alikiona kikapu. Mahindi ya mumewe yako sakafuni, yametobolewa, yanamwaga unga. Jambo hilo lilimuuma sana. Akayapandisha darini pamoja na yale mengine, akiamini huko yatapona.

Hafsa aliporudi tena, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Alipanda ngazi na kioo chake cha kukuzia, akayachunguza mahindi. Aliposhuka, mikono ilikuwa imejaa unga.

"Mama, yamekwisha yote."

Nilitamani kumchapa. Lakini ni binti mzima, nikabaki nimefura tu.

Bibi alikuwa amesikia. Akamwita chumbani, nami nikafuata.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma. Wadudu hawa wametoka wapi?"

Nilimwona Hafsa akifikiri. Jibu alikuwa nalo lote, kikapu, jiko lililopoa na mikono ya bibi yake iliyoyapandisha. Ndilo alilokuwa akilitafuta tangu mwanzo.

"Kwenye kikapu changu, bibi. Mimi ndiye niliyeyaweka chini."

"Na juu nani kayapandisha?"

Hafsa akainamisha kichwa. "Sijui."

"Mwalimu wako hakukufundisha hivyo," Bibi alisema, kisha akageukia ukutani na kuanza kulia.

Hasira zote zikaniisha, nikabaki na huzuni. Nikaenda jikoni nikawasha moto kwenye mafiga, ingawa darini hapakuwa na kitu tena.