Filimbi Kwenye Kona

Binti aliyepewa filimbi asubuhi ile alikuwa na hofu tangu alipofunga kamba za buti, na wala si treni aliyokuwa anaiogopa. Treni ina kelele na ina taa. Mtu mwenye macho na masikio yake anaipisha, inapita, maisha yanaendelea. Kasheshe ilikuwa kwenye hayo masikio. Mjomba wake, aliyemlea tangu akiwa mdogo na ndiye aliyemwombea nafasi ya kujifunza kazi ya reli, alikuwa hasikii, na katika genge zima la mafundi wa njia aliyejua hilo ni yeye peke yake.

Nyumbani walikuwa wameshaligeuza mzaha. Redio ya mjomba ilisikika hadi barabarani. Ukimwomba chumvi anakuletea kiti. Siku hizi akinong'ona jambo la siri, jirani anaitikia kutoka ng'ambo ya ukuta. Lakini jioni moja mjomba aliizima hiyo redio, akamkalisha mpwa wake mahali ambapo angeweza kumtazama midomo.

"Wakijua, wananitoa," alisema. "Nikitolewa, humu ndani tutakula nini?"

"Na treni ikija, mjomba?"

"Filimbi ikilia, si kila mtu ananyanyua mkono kuonyesha amesikia? Mimi naangalia wenzangu. Wakinyanyua, nanyanyua. Wewe ukiwa karibu, nivute mkono wa shati. Basi, yamekwisha hayo."

Hayakuwa yamekwisha. Tangu jioni ile binti hakupata usingizi wa maana.

Na leo nyapara, mzee mkavu asiyependa kurudia neno, alikuwa amempeleka juu kwenye kona, pale reli inapochomoza katikati ya kingo mbili za udongo.

"Mwenye filimbi hashiki spana, hashiki simu, hapigi soga," alimwambia. "Kazi yako ni macho. Treni ikitokea, puliza. Mikono itanyanyuka, nawe uitazame yote. Ukikosekana hata mmoja, puliza tena na upeperushe bendera nyekundu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Alikuwa ameelewa vizuri mno.

Treni ya kwanza haikuwa na neno. Genge lilikuwa chini kule likibadilisha mataruma yaliyooza, yale magogo yanayolaliwa na reli, mjomba yuko katikati ya wenzake. Binti alipuliza, mikono ikanyanyuka, na wa mjomba ukafuata nyuma ya mingine, kama mtu anayeitikia wimbo asioujua. Wote wakasogea pembeni, mabehewa yakapita, vumbi likatulia. Binti akashusha pumzi.

Kisha nyapara akakagua reli kuelekea kwenye kona, akakuta nati zimelegea. Akamwita mjomba kwa ishara ya mkono, akamwonyesha zile nati, akamwachia spana. Mjomba akachuchumaa peke yake, mgongo ukiwa upande treni zinakotokea, kichwa chini, hana mwenzake wa kumtazama.

Nyapara akaendelea kukagua hadi kwenye kona, akapita karibu na binti kabla ya kurudi. Binti alifungua mdomo.

"Una neno?" nyapara aliuliza.

Binti alimtazama mjomba wake akikaza nati kwa bidii kama mtu anayetaka kuonekana. Akafikiria kodi ya nyumba, akafikiria aibu.

"Hapana," alisema, na akajichukia papo hapo.

Nyapara alikuwa ameshafika kwa genge treni ya pili ilipochomoza. Binti alipuliza. Chini kule mikono ikanyanyuka yote. Mjomba aliendelea na nati yake. Binti akapuliza tena mpaka kifua kikauma, akaipeperusha bendera nyekundu, na dereva akaiona, maana breki zilianza kupiga kelele na honi ikalia mfululizo. Lakini treni ya mizigo haisimami kama baiskeli.

Mjomba hata hakugeuka.

Binti alikimbia kandokando ya reli, miguu ikiteleza kwenye kokoto, akiita "mjomba, mjomba" huku akijua anajisumbua bure. Hangefika. Akaokota kokoto, akarusha, ikapita pembeni. Akaokota nyingine kubwa zaidi, akarusha kwa nguvu zake zote, ikampata mjomba begani. Mjomba akageuka amekunja uso, tayari kugomba, na hapo akaiona. Akajitupa mtaroni. Treni ikaisaga spana, ikaenda kusimama mbali, ng'ambo ya genge.

Alikuwa hai. Binti alimshikashika mikono na miguu.

"Mbona hukunyanyua mkono?" nyapara aliuliza alipofika, akimtazama usoni.

"Nilisikia, bwana. Nilikuwa namalizia nati."

Nyapara hakubishana. Alimpa chupa ya maji, akampeleka kwa wenzake, akamkalisha juu ya mataruma ya zamani, uso ukielekea vichakani, binti kando yake. Halafu akarudi nyuma yao, akawaashiria wengine wasinyanyue mikono filimbi ikilia. Mwisho akamwashiria binti apulize filimbi.

Binti aliganda. Mkono wa shati la mjomba ulikuwa unagusana na vidole vyake. Angeuvuta kidogo tu, mjomba angenyanyua mkono, kazi ingebaki, na chakula kingebaki. Mpaka treni nyingine.

Akakitia kiganja chake mfukoni. Akapuliza, akapuliza mpaka machozi yakamtoka.

Mjomba alimaliza maji yake. Akafunga kizibo taratibu, akaikung'uta kokoto iliyonasa kwenye suruali. Nyuma yake wenzake walikuwa wakimtazama. Alipomgeukia binti akayaona yale machozi, akadhani analia kwa kumpiga lile jiwe. Akamwinamia mpwa wake, akamshika bega.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Maadamu hujawaambia, kazi yangu ipo."

Alidhani ananong'ona. Genge zima lilimsikia, hata dereva, aliyekuwa ameshuka na kusimama kando ya treni yake akifuta jasho.