Mguu wa Tatu wa Wekoye

Mguu wa kulia wa Wekoye ulifika nyumbani Tongaren saa tisa mchana, Jentrix akiwa anaanika mahindi kwenye turubai. Uliingia kwa lango, umevaa buti la jeshi lililoisha soli, ukaambaa pembeni ili usikanyage mahindi. Mbwa aliunusa, akatikisa mkia, akarudi kulala.

"Umechelewa," Jentrix akauambia. "Panguza matope kwanza."

Mguu ukajipanguza kwenye nyasi. Ulikuwa umetembea kutoka Somalia, ulikokatwa na bomu la barabarani, na ilionekana wazi kwamba hakuna aliyeupa lifti. Jentrix aliuvua buti na kuuosha kwa maji ya vuguvugu. Mumewe, aliyekuwa ameketi mlangoni na magongo yake, aliutazama kwa muda.

"Ukucha wa kidole gumba bado unaingia ndani," akasema.

"Basi ni wako, Baba Nelima. Kesho tunaenda Bungoma."

Kwa mwanamke mwingine mguu huo ungekuwa habari. Kwa Jentrix ulikuwa ushahidi. Dai la ulemavu la Wekoye lilikuwa limekaa ofisini tangu binti yao Nelima ang'oke jino la kwanza, na sasa Nelima alikuwa akivaa viatu vya mamake. Kila walipokwenda waliulizwa jambo jipya: mguu ulikatikia wapi, nani aliuona ukikatika, na je, si huenda Wekoye alizaliwa hivyo? Katika kungoja huko nusu ya shamba iliwekwa rehani kwa Kiarie wa Kitale ili watoto wale. Kiarie alikuwa ameshasema: mvua ya kupanda ikifika kabla hawajaikomboa, ni yake.

Aliyekuwa na wasiwasi ni mama yake Wekoye peke yake.

"Na ule mgomba tuliozika?" akauliza.

Wekoye aliporudishwa na mguu mmoja, ukoo ulisema kiungo cha mtu hakiachwi ugenini bila kaburi. Wakakata shina la mgomba urefu wa mguu, wakalivika soksi, wakalizika nyuma ya nyumba kwa maombi, chai na kuku.

"Mayi, mgomba haujaomba kitu," Jentrix akamjibu. "Wacha ulale."

Ofisini Bungoma benchi zilikuwa zimejaa wanajeshi wa zamani. Walisogea kuupisha mguu, na mmoja akaupigia saluti. Mzee wa karibu na dirisha alikuwa amengoja hadi kuvu ikamwota mabegani. Mfagiaji alikuwa akimpangusa pamoja na viti. Karani, Mbogo, alikuwa akimenya njugu juu ya meza.

"Huu ni wa nani?"

"Wake," Jentrix akasema.

"Haiwezekani. Wake ulizikwa. Si mimi mwenyewe nilikuja, nikala kuku? Si ni wewe ulinifungia paja nipelekee watoto?"

"Tulizika mgomba, bana."

"Mgomba gani huo unaombewa na pasta?" Mbogo akahesabu kwa vidole vyenye chumvi. "Mmoja uko kaburini. Mmoja amesimamia. Mmoja ndio huu. Hiyo ni mitatu. Sisi tunalipa upungufu, mama. Huyu ana ziada."

"Kama ni ziada, akupe mmoja, labda utafika kazini mapema."

Benchi zote zilicheka. Hata mzee wa kuvu alicheka, na vumbi la kijani likaanguka sakafuni. Mbogo hakucheka. Alisema kesi za miguu mitatu huamuliwa na madaktari wa Kitale, akarudi kwa njugu zake.

Daktari wa Kitale aliitwa Nyaruai. Alikuwa mtu wa haraka katika kila jambo ila kuamua. Aliulaza mguu kitandani, akaubonyeza, akaugonga goti, akausikiliza kwa masikio ya mpira. Wekoye mwenyewe, aliyekuwa amesimama kwa magongo kando ya kitanda hicho, daktari hakumgusa.

"Mzima kabisa," akasema. "Kuna vijana hapa nje hawana mguu kama huu."

"Na mwenyewe?" Jentrix akauliza.

"Mwenyewe faili yake iko Bungoma."

"Bungoma wanasema iko hapa."

"Basi iko njiani. Faili hutembea polepole, mama."

"Huu umetoka Somalia na umefika," Jentrix akasema. "Hata dereva hauna."

Daktari akaacha kuandika. Hilo ndilo jambo la kwanza kumwingia kichwani tangu asubuhi. Akapiga simu Bungoma, akazungumza na Mbogo, wakakubaliana, na kabla ya chai yake kupoa mguu ulikuwa umeajiriwa kuwa tarishi wa kubeba mafaili kati ya ofisi hizo mbili. Hakuna aliyeuliza ulikatikia wapi. Hakuna aliyetaka shahidi. Waliufungia mkoba kwenye paja, wakaupa kiatu kipya cheusi, na mguu ukatoka nje kwa hatua za gwaride bila kumwangalia Wekoye.

"Ulikuwa hivyo hivyo kambini," Wekoye akasema. "Unapenda kiatu."

Mvua ya kupanda ikaja. Kiarie alileta trekta lake asubuhi, akaanza kulima kwenye mpaka wa chini, akapanda nalo hadi karibu na jiko. Alimsalimia Jentrix kwa heshima, akauliza hali ya mgonjwa. Jentrix alimjibu kwamba mgonjwa bado anafikiriwa.

Jumapili mguu huja nyumbani. Umenenepa kidogo kwenye muundi. Jentrix huuweka ndani ya beseni na kuusugua kisigino, maana hata ukiwa na kazi bado ni wa mumewe, na Wekoye hukaa karibu akiukata ukucha ule mkaidi.

"Mafaili yote unayabeba wewe," Jentrix aliuambia Jumapili iliyopita. "Ya huyu umeiona?"

Mguu ukazamisha kisigino majini.

"Iko Bungoma?"

Mguu ukachezesha povu.

"Iko Kitale?"

Mguu ukageuza vidole, ukaelekea ukutani, ukatulia hapo kana kwamba dirisha la ofisi limefungwa kwa chakula cha mchana.

"Hata 'kuja kesho' umeshajifunza," Jentrix akasema, akaufuta maji, akaenda nje kumwaga beseni.